Mvumo Ndani ya Wimbo

Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Unguja mpaka Bombay ili sauti yake itiwe katika santuri. Vyombo vya kunasia sauti vilikuwa huko, na mwimbaji ndiye aliyepaswa kuvifuata. Leo mtu mwenye kompyuta ndogo, maikrofoni moja na kisanduku cha kuviunganisha viwili hivyo aweza kunasa wimbo katika chumba anacholala. Safari imefutika, lakini makelele yaliyoingia ndani ya nyimbo hayakufutika. Yamebadili sura tu. Santuri za zama zile zilifinyangwa kwa gundi ya wadudu iliyochanganywa na unga wa mawe, na sindano ilipopita juu ya unga ule ilitoa mkwaruzo usiokoma. Katika chumba cha leo hakuna sindano wala unga. Kuna mvumo, mchakacho na mlio kama wa nyuki, na mara nyingi mwenye chumba hajui vimetoka wapi.

Hapana budi ajue, kwa kuwa dawa inayopendwa sana siku hizi ni dawa ya baada ya kifo. Mtu hunasa wimbo pamoja na makelele yake, kisha huiamuru programu ya kompyuta iyaondoe. Programu husikiliza kipande kitupu kisicho na wimbo, hujifunza umbo la makelele, halafu huyapunguza katika wimbo mzima. Yakiwa madogo, kazi hiyo hufanyika vizuri. Yakiwa makubwa, programu haitambui mpaka kati ya mchakacho wa umeme na herufi “s” ya mwimbaji, maana vyote viwili hukaa katika sauti za juu. Hukata vyote. Mwimbaji hutoka kana kwamba anaimba chini ya maji, na mlio wa uzi wa udi, ambao uzuri wake umo katika kufifia polepole, hukatika ghafla kama taa iliyozimwa. Kilichopotea hapo hakirudishwi na chombo chochote, na ikiwa mwimbaji ni mzee, yamkini hataimba mara ya pili.

Kijana mmoja wa pwani alijaliwa kumpata mzee wa namna hiyo, mpiga udi ambaye hakupata kunaswa sauti maishani mwake. Mzee alikaribishwa, akaketishwa, akavishwa visikizio masikioni ajisikie. Kabla hajagusa uzi aliinua uso, akauliza, “Mwanangu, nyuki hawa umewafuga wapi?”

“Ni umeme, Maalim. Niwie radhi, nitauondoa baadaye.”

“Baadaye nitakuwa nimekwenda zangu. Uondoe sasa.”

Mzee alisema kweli kuliko vitabu vingi vya ufundi. Kijana akavua visikizio vya mzee, akavivaa mwenyewe, akaanza kutafuta. Njia aliyoifuata ndiyo inayofaa: kuondoa kitu kimoja, kusikiliza, kisha kukirudisha kabla ya kugusa kingine. Anayechomoa vitu vitano kwa pamoja aweza kupata ukimya, lakini hatajua kimemponya nini, na kesho mvumo utakaporejea ataanza upya. Alichomoa waya wa maikrofoni, mvumo ukabaki. Akazima taa yenye kitufe cha kupunguzia mwanga, maana taa za aina hiyo zina sifa mbaya. Nyuki wakapungua kidogo tu. Akachomoa chaja ya kompyuta, ikabaki kutumia betri yake. Papo hapo chumba kikanyamaza.

Sababu yake si ya ajabu. Umeme wa majumbani katika Afrika ya Mashariki hugeuka mizunguko 50 kwa sekunde, na mizunguko hiyo ikiingia katika njia ya sauti husikika kama noti nene iliyo karibu na Sol ya chini kabisa, pamoja na ndugu zake wa 100, 150 na kuendelea. Ubaya ni kwamba ni noti isiyolingana na udi wala na mwimbaji, nayo haipumziki. Kompyuta ya kijana ilikuwa imechomekwa katika ukuta mmoja, spika zake katika ukuta wa pili, na zote zilikuwa na waya wa ardhi. Alipoziunganisha tena kwa waya wa sauti, nyaya hizo zilifanya pete, na katika pete hiyo umeme mdogo ukapata njia ya kuzunguka. Dawa yake ni kuvunja pete: kuvichomeka vyombo vyote katika soketi moja, au kutumia nyaya za sauti zenye njia mbili zinazopingana, ambazo makelele yakiingia sawasawa katika zote mbili hujifuta mwishoni, au kuweka transfoma ndogo ya kutenganisha katika njia ya sauti. Wako watu wanaovunja pete kwa kuukata mguu wa ardhi wa plagi. Huo ni ujinga wa hatari. Mguu ule umewekwa ili chombo kikiharibika umeme uende ardhini badala ya kupita katika mwili wa mtu, na hakuna wimbo unaostahili kununuliwa kwa bei hiyo.

Nyuki walipoondoka, ikasikika sauti nyingine iliyokuwa imefichwa nyuma yao, nyembamba, kama mchele unaopepetwa. Hii ni ya asili tofauti. Mwaka ule ule wa 1928, huko Marekani, John B. Johnson alitangaza vipimo vyake na Harry Nyquist akavieleza kwa hesabu: joto lenyewe hutikisa chembe za umeme ndani ya kila chombo, na mtikisiko huo ni sauti. Kwa hiyo mchakacho huu hauna tundu la kuzibwa. Hauondoki, hushindwa tu, na hushindwa kwa ukaribu. Maikrofoni ikisogezwa nusu ya umbali wake kutoka kwenye udi, sauti ya udi huongezeka kwa desibeli 6 hivi, hali mchakacho wa chombo unabaki pale pale. Anayeiacha mbali, kisha akakizungusha kitufe cha nguvu mpaka mwisho, hukuza udi na mchele kwa kipimo kimoja. Hugh Tracey, aliyepita Tanganyika mwaka 1950 akinasa nyimbo na ngoma, alikuwa na desturi ya kuishika maikrofoni mkononi na kuipeleka karibu na mpigaji. Ukaribu nao una mpaka wake, maana maikrofoni nyingi zikiwekwa karibu mno huinenepesha sauti ya chini na kuokota kila pumzi.

Yaliyobaki ni madogo. Simu ya mkononi iwekwe chumba kingine, kwani katika mitandao ya zamani hutuma mawimbi kwa mapigo 217 kwa sekunde, na mapigo hayo huingia katika waya kama mtu anayebisha hodi kwa haraka. Pangaboi lizimwe, na jasho livumiliwe. Friji lizimwe pia, na funguo za nyumba ziwekwe ndani yake, ili anayetaka kutoka asisahau kuliwasha na kesho akakuta samaki wameoza.

Mzee alipoanza kupiga, zilisikika sauti nyingine ambazo programu ingeziita makelele: kucha zikigusa ubao wa udi, kiti kikilia alipoegemea, na pumzi aliyoivuta kabla ya kila beti. Kijana alitaka kusimamisha kazi kwa ajili ya kiti. Hakusimamisha, na alifanya vema, kwa sababu sauti zile zilitoka kwa mtu anayepiga udi, si katika nyaya. Katikati ya wimbo wa tatu adhana ya isha ikaingia dirishani. Mzee akaulaza udi mapajani, akangoja mpaka ilipokwisha, kisha akaurudia wimbo tangu mwanzo.