Kulala ndani ya Canter Mgeta siyo mchezo!

Ukisikia Morogoro inaitwa mji kasoro bahari, usidhani na joto lake ni la Dar kila mahali. Shuka stendi mwezi wa saba, panda gari la Mgeta, mpite Mzumbe muanze kupanda. Ukifika Nyandira utaniulizia uniazime koti.

Mji wenyewe uko meta kama 500 juu ya usawa wa bahari, lakini vilele vya Uluguru vinapita meta 2,600. Na kila ukipanda meta 1,000 joto linapungua kama digrii 6. Hayo niliyasoma shule, ila kuyaelewa niliyaelewa kwenye siti ya Canter.

Ilikuwaje? Kodi yangu ya Mji Mpya iliisha, mwenye nyumba akataka ya miezi sita kwa mpigo. Mfukoni nina hela ya chipsi tu. Wakati huo nilikuwa utingo kwenye Canter ya mjomba, tunabeba kabichi, njegere na viazi toka Mgeta. Nikajisemea, kwani shida iko wapi? Godoro nyuma, nguo kwenye boksi, gari ndiyo geto. Washkaji kijiweni wakanibatiza "Baba Matairi".

Mwanzoni bab kubwa. Injini ya Canter iko chini ya siti, kwa hiyo mkishazima unalala juu ya joto lake kama kuku anayeatamia. Tabu ni kwamba likipoa, limepoa. Kule nyuma chini ya turubai ndiyo usiseme, ukungu unaingia kila tundu. Nikahamia kebini, vioo nikapandisha mpaka juu. Alfajiri pumzi zangu zote zimegeuka maji kwenye kioo, yananidondokea usoni, blanketi chapachapa! Betri nayo imelala. Ndiyo maana tulikuwa tunapaki pua ikiangalia bondeni, asubuhi ni kusukuma tu.

Usiku mmoja uzalendo ukanishinda. Nikaazima jiko la mkaa kwa mama muuza chai, makaa yamekolea mekundu, hata moshi hakuna. Nikaliweka miguuni, vioo juu. Raha ilioje! Nikalala kama mtoto.

Ninachokumbuka ni mlango kugongwa. Mjomba alikuwa amelala gesti ya jirani, akatoka nje kujisaidia, akaona wekundu kwenye kioo. Nataka kumjibu, mdomo mzito. Kichwa kinapasuka, miguu siyo yangu. Akavunja kioo cha pembeni, akanivuta nje, nikatapika kwenye umande mpaka machozi.

Hakunifokea. Kwetu Waluguru ukoo unafuata upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti. Alikaa kwenye ngazi ya gari, akasema taratibu: "Mpwa wangu, ningemwambia nini dada yangu?" Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Zahanati wakanieleza kuwa mkaa unapoungua unatoa hewa inayoitwa kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, na damu inaikamata zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ukishasikia usingizi mtamu, ujue ndiyo inafanya kazi yake. Wenzetu Marekani na Kanada wana magari yenye kitanda na jiko, nje barafu mpaka mabomba ya maji yanaganda, lakini hewa hiyo hiyo inawaua na wao.

Basi bwana, tangu siku ile nililala na soksi pea mbili, maboksi chini ya godoro, chupa ya maji ya moto tumboni, na kioo nimekiacha wazi vidole viwili. Baridi ilinikoma, lakini niliamka kila siku.

Sasa nina chumba Kihonda, kodi nimelipa. Usiku wa kwanza nilikosa usingizi kabisa. Nikainuka, nikafungua dirisha vidole viwili, ndipo nikalala.