Nyumba Zenye Miguu

Jengo ninalolipenda kuliko yote katika kaunti yetu sijawahi kulala ndani yake hata usiku mmoja. Ni Salt Lick, ile hoteli ya safari iliyo ndani ya hifadhi ya Taita Hills, ukishapita Mwatate ukielekea Taveta. Ukiitazama kwa mbali utadhani ni kijiji kizima cha misonge kilichopandishwa juu ya nguzo: vyumba vya mviringo, paa zilizochongoka, na vijia vya juu kwa juu vinavyoviunganisha. Chini kuna maji. Ndovu huja kunywa huku wageni wakiwa wamelala juu yao. Kuna hata njia ya chini kwa chini inayokufikisha kwenye kijumba chenye dirisha, ukae uangalie nyayo za ndovu usawa wa macho yako.

Ilijengwa miaka ya 1970, enzi za jina la Hilton. Bei yake, hata ile ya wakaazi wa Kenya, si ya msee wa bedsita Rongai kama mimi. Nimefika pale mara mbili tu, nikanywa soda polepole, nikaondoka kabla ya jioni.

Aliyeichora alijiuliza swali la maana: hapa pana mwenyewe, sasa mimi nitakaa vipi bila kumzibia njia? Akainua nyumba. Voi Safari Lodge, kule Tsavo Mashariki, nayo ilijibu swali hilohilo kwa namna yake. Imelala kando ya mlima kama mjusi anayeota jua, na chini yake kuna dimbwi, kisha mbuga hadi macho yachoke. Hata reli ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, imeinuliwa mahali pengi ikikata Tsavo ili ndovu wapite chini. Watu waliilalamikia reli kwa mengi, na wengine wangali wanailalamikia, lakini hapo ilimkumbuka ndovu.

Sasa njoo Voi mjini, saa nane mchana, wakati mabati yanalia kwa joto. Utaona ghorofa zinazoota kando ya barabara. Zimejaa ukuta kwa ukuta, hazina baraza, na mbele zimebandikwa vioo vya buluu vinavyotazama magharibi. Ukipita hapo jioni kioo kinakurudishia jua usoni kama mtu anayekudai. Ndani lazima feni, na ukiwa na pesa, eisii. Maji ni ya mtungi, na hayo usiniulize: bomba la Mzima limekuwa likipeleka maji ya Tsavo hadi Mombasa tangu miaka ya 1950, likipita hapa hapa kwetu.

Zaidi ya asilimia 60 ya kaunti hii ni mbuga. Sehemu tuliyoachiwa sisi ni ndogo, na ndiyo tunayoijenga vibaya.

Sisemi haya kama mtalii. Mjomba wangu ana ploti karibu na barabara kuu, au tuseme familia ina ploti na mjomba ndiye mwenye sauti. Anataka hoteli ya ghorofa sita, na fleti za kukodisha juu. Kwa kuwa mimi ndiye niliyesomea kuchora majengo, kazi ya ramani ni yangu, bure. Hati ya shamba itawekwa benki. Nyuma ya ploti hiyo kuna nyumba ya Nyanya yenye vyumba viwili, na mbele kuna mwarobaini mkubwa ambao chini yake kina mama huuza ndizi za Taveta na vijana wa bodaboda husubiri wateja. Kwenye mchoro alioniletea, ulioshushwa kutoka kwa simu ya mtu, vyote viwili havipo.

"Wewe mwana, nataka kitu cha kisasa," akaniambia. "Kioo. Kama Upper Hill."

Nikamkumbusha kwamba Upper Hill ndiko Pinnacle ilikozinduliwa mwaka 2017, jengo ambalo lingekuwa refu kuliko yote Afrika, likakwama. Na Hilton ya Nairobi, ule mnara wa mviringo wa 1969 ambao ulikuwa kisasa chenyewe, ilifunga milango mwisho wa 2022. Mjomba akacheka. "Mimi sijengi Pinnacle. Mimi najenga kodi."

Na hapo ana hoja, tusidanganyane. Salt Lick inaweza kusimama kwa nguzo kwa sababu anayelala juu analipa kumwona anayepita chini. Hakuna atakayelipa chochote kumwona mama wa ndizi. Mjomba ana watoto wawili chuoni, na maduka manne ya ghorofa ya chini ndiyo yatakayolipa mkopo.

Nilimchorea hata hivyo. Nguzo chini, kivuli kipenye, mwarobaini ubaki, maduka mawili badala ya manne. Ghorofa nne, si sita. Madirisha madogo upande wa magharibi, na baraza kila ghorofa ili upepo uwe na pa kupita. Akaitazama karatasi kwa muda mrefu. "Miguu ni sawa," akasema. "Sasa katikati ya hiyo miguu niwekee maduka yangu mengine mawili."

Nyanya aliomba aione pia. Hasomi ramani, lakini alipitisha kidole juu ya mistari, akauliza baraza lake liko upande gani, maana jioni yeye hukaa nje. Nikamwonyesha kwenye mchoro wangu. Akauliza na ule mwingine je, ule wa kioo.

Mjomba alikunja ule wa kioo akautia mfukoni. Kikao cha familia ni Desemba, wote wakishafika.