Kadiri ya Chombo cha Majivu ya Mnyama

Kalemng'orok, Turkana Kusini

Kwa mjukuu,

Chombo cha majivu ya mnyama wa nyumbani huchaguliwa kwa uzito aliokuwa nao mnyama alipokuwa hai na mwenye afya. Kanuni ya watengenezaji wengi ni sentimita za ujazo 36 kwa kila kilo, na mtu makini huhesabu 40 ili ibaki nafasi. Majivu ya paka wa kilo 4 hayazidi mililita 160, ambazo hazijazi kikombe cha chai. Mbwa wa boma, wale wembamba wanaolala mlangoni mwa zizi kutoka Kainuk hadi Lokichar, huwa na kilo 15 hadi 20, kwa hiyo majivu ya mmoja hukaa katika mililita 600 hadi 800. Punda wa kilo 130 hutaka lita 5 na ushee. Ngamia wa kilo 400 angehitaji lita 16, yaani jerikeni ya maji isiyojaa, ingawa hakuna mwenye akili timamu atakayetafuta kuni za kuteketeza ngamia. Chombo cha mtu mzima ni cha lita 3 na robo hivi.

Kinachobaki baada ya moto ni mfupa. Tanuri hufikia nyuzijoto 800 hadi 1,000 za Selsiasi. Maji, nyama na mafuta hutoweka, na vipande vya mfupa vilivyosalia husagwa vikawa unga wa kijivu. Kwa sababu hiyo mbwa aliyekonda kwa maradhi ya muda mrefu hahesabiwi kwa uzito aliokufa nao, maana mifupa yake haikupungua kama nyama ilivyopungua. Aliyenenepa kupita kiasi naye hutoa majivu machache kuliko kanuni inavyodai, na hapo hakuna hasara. Uzito wenyewe haupatikani kwa kukisia. Mizani ya kuning'inia ya buchani inatosha. Penye mizani ya kusimama, mtu hupima akiwa amembeba mnyama, hupima tena peke yake, kisha hutoa.

Hesabu hiyo ya ujazo ni ya tanuri, wala si ya moto wa kuni. Tanuri zinazojulikana zaidi nchini, za Kariokor na Lang'ata jijini Nairobi, ni za maiti za watu. Anayetaka mnyama wake ateketezwe humwuliza kwanza daktari wa mifugo. Moto wa wazi, hata wa mathenge au mgunga mkavu, huacha mifupa nusu nusu na kuichanganya na jivu la kuni, na rundo linalopatikana halina kipimo cha kutegemewa. Mifupa isiyotwangwa hujaza nafasi kubwa kuliko unga wake. Zaidi ya hayo kuni ni mali: Kakuma, tangu kambi ya wakimbizi ilipofunguliwa mwaka 1992, zinauzwa kama bidhaa nyingine yoyote. Asiye na njia ya tanuri ni afadhali azike, tena kwa kina ambacho fisi hafukui. Mikono ioshwe baada ya kumshika mbwa, akiwa hai au amekufa, kwa kuwa mayai ya tegu anayeleta uvimbe wa maji tumboni hunata kwenye manyoya, na Turkana ni miongoni mwa sehemu za dunia zilizosumbuliwa mno na ugonjwa huo. Mnyama anayedhaniwa kufa kwa kimeta hapasuliwi wala haguswi. Ofisi ya mifugo huarifiwa.

Ujazo wa chombo hupimwa kabla ya kununua. Chombo cha udongo uliochomwa vizuri au cha bati hupimwa kwa chupa ya maji ya nusu lita. Cha mti au ngozi kisitiwe maji. Mchanga mkavu wa laga (mto uliokauka) hufanya kazi hiyo, kisha humiminwa kwenye chupa ileile. Kikapu cha mkoma cha Lodwar kinapendeza kuliko vyote, lakini unga laini hupenya kwenye msuko, kwa hiyo majivu hutangulia kufungwa katika mfuko wa kitambaa kizito. Kibuyu kina kasoro nyingine: tumbo pana, shingo isiyopitisha mfuko. Ukubwa wa mdomo uangaliwe sawasawa na ukubwa wa tumbo.

Wapo wanaopenda kuweka ndani ukanda wa shingo au njuga. Kitu hicho hutangulizwa chomboni wakati wa kupima, ndipo mchanga unapomiminwa juu yake, na nafasi iliyobaki ndiyo inayohesabiwa.

Kwa mbwa wa kilo 18 asiye na njuga, chombo cha mililita 750 kinatosha. Asiyepata mizani achukue cha lita 1.

Babu