Siku niliyovuka Thuci bila suruali

Mpenzi msomaji, hebu jiulize: ni lini ulipomwona mwanamume wa bara, mwenye kazi yake na akili zake timamu, akikatiza mji wa Embu mchana mweupe bila suruali? Usihangaike kutafuta jibu. Hujamwona. Na ukimwona, utadhani kwamba ameibiwa au ametoroka hospitalini.

Mimi nimekuwa mwanamume huyo. Sikuwa nimeibiwa wala sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nimevaa kikoi.

Kikoi chenyewe nilikinunua Mombasa, Barabara ya Biashara, mahali ambapo macho huchoka kabla ya mfuko. Ni cha pamba, rangi ya samawati, kina milia pembeni na matamvua. Kwa miaka miwili kilikuwa na kazi moja tu: kuvaliwa nyumbani usiku, mlango ukiwa umefungwa. Mwanamume wa Pwani hujifunga kikoi akaenda dukani au barazani bila kujiuliza mara mbili. Sisi wa bara hukivaa ufukoni siku tatu za likizo, kisha tunakirudisha sandukuni kana kwamba tulikiazima.

Likizo ya Agosti niliamua kukivaa safarini, kutoka Embu hadi ukweni kwangu karibu na Nkubu, kaunti ya Meru. Mke wangu aliniuliza swali moja tu: "Baba watoto, umeamua?" Nikasema nimeamua. Akacheka, akachukua mkoba wake, tukatoka.

Mtihani wa kwanza ulikuwa bodaboda. Kijana mwenye pikipiki alinitazama juu hadi chini, akauliza kwa adabu, "Mzee, utakaa upande kama akina mama ama vipi?" Lilikuwa swali la haki. Nilikaa upande.

Kituoni, utingo aliniona kwa mbali akapaza sauti, "Sheikh, njoo mbele kuna nafasi!" Kumbe kikoi kilikuwa kimenibadilisha dini na kabila kabla hata sijapanda gari. Abiria waligeuza shingo, wawili wakanong'onezana, mtoto mmoja akamuuliza mamake kwa nini yule baba amevaa leso.

Lakini tulipofika Runyenjes hapakuwa na aliyenitazama tena. Watu hushangaa kwa dakika chache, halafu hurudi kwenye shida zao. Tukavuka mto Thuci, tukaiacha kaunti ya Embu nyuma yetu. Tulipoteremka kuelekea daraja la Nithi, pale ambapo basi lilitumbukia mtoni Julai 2022 na kuua watu zaidi ya 30, hakuna aliyekuwa na habari na miguu yangu. Kila mtu alikuwa akitazama barabara na kuomba Mungu.

Kaptula na wamisheni

Ukishapita Nithi unakaribia Chogoria. Hapo ndipo Kanisa la Scotland lilipoanzisha misheni mwaka wa 1922 chini ya Daktari Archibald Irvine, na hospitali iliyozaliwa na misheni hiyo ingali inatibu watu. Nilipokiona kibao cha Chogoria nilitabasamu peke yangu.

Kwa nini? Kwa sababu Scotland ndiyo nchi ambayo wanaume wake wanajulikana ulimwenguni kote kwa kuvaa kitu ambacho sisi tungekiita sketi. Wao hukiita kilti. Ni vazi la sufu lenye marinda nyuma, linafika magotini, na kilti moja kamili hula kitambaa cha takriban mita saba. Halina mifuko, kwa hivyo mvaaji hufunga kibeti cha ngozi mbele kiunoni.

Na usidhani lilikuwa vazi la mzaha. Mwaka wa 1746, baada ya wapiganaji wa nyanda za juu za Scotland kushindwa na jeshi la mfalme, Bunge la Uingereza liliwapiga marufuku wanaume wa huko kulivaa, isipokuwa wanajeshi. Aliyepatikana nalo alifungwa miezi sita. Akirudia, alihamishiwa ng'ambo kwa miaka saba. Sheria hiyo ilifutwa mwaka wa 1782, na leo bwana harusi wa Scotland huvaa kilti siku yake kuu bila kumwomba mtu radhi.

Huku kwetu babu zetu, Wameru kwa Waembu, walivaa ngozi, baadaye shuka na blanketi. Ni misheni, shule na ofisi za serikali zilizowavisha kaptula, kisha suruali. Hata leo wazee wa Njuri Ncheke wakijitanda vazi lao la ngozi katika shughuli zao, hakuna anayethubutu kuwacheka. Basi hili wazo kwamba mwanamume bila suruali si mwanamume, tulilipata lini? Ni la juzi tu, msomaji wangu. Umri wake ni umri wa kaptula ya kwanza.

Ukweni

Kusema kweli, kilichonitia hofu si utingo bali baba mkwe. Ni mzee wa kanisa, mwalimu mstaafu, mtu ambaye sijapata kumwona bila koti. Watu wengi wangesema kwenda ukweni na kikoi ni kutafuta laana.

Mzee alinipokea mlangoni, akanipa mkono, akanisalimu "Muga," akanikaribisha ndani. Hakusema neno juu ya nguo yangu hadi chai ilipomiminwa.

"Mwanangu," akaanza, "baba yangu alipopewa kaptula ya kwanza misheni, alipita nayo mtoni. Wasichana waliokuwa wakiteka maji walimcheka wakaweka mitungi chini. Walimwambia anafanana na kuku aliyenyonyolewa. Akarudi nyumbani akaivua."

"Kisha?" nikauliza.

"Kesho yake akaivaa tena. Siku ya tatu waliacha kucheka." Akaongeza sukari, akauliza habari za mvua Embu. Mazungumzo ya kikoi yakaishia hapo.

Macho ya Makutano

Siku iliyofuata tulikwenda mjini Meru. Katika soko la Gakoromone mambo yalikuwa mazuri. Mama mmoja muuza ndizi alikishika kikoi kwa vidole, akakisifu, akataka kujua bei. Hilo si ajabu. Maua na Isiolo haziko mbali, na huko wanaume Wasomali na Waborana hujizungushia vitambaa kiunoni kila siku. Macho ya Meru yamewazoea. Ambacho hayajazoea ni kumwona mwenyeji akifanya vivyo hivyo.

Shida ilikuwa Makutano. Kundi la vijana lilinipigia mbinja. Mmoja akasema jambo kuhusu miguu yangu ambalo mhariri hawezi kulichapisha, wenzake wakaangua kicheko. Ghafla nikajikuta nakivuta kikoi chini, natazama upepo unatoka wapi, nafikiria kuvuka upande wa pili wa barabara. Mimi, baba wa watoto watatu!

Mke wangu alinitazama. Hakucheka. "Sasa umeonja," akasema. "Mimi hutembea na macho hayo tangu nikiwa na miaka 13."

Msomaji, maneno hayo yaliniingia kuliko mbinja. Mimi nilikuwa nimechagua siku moja ya kutazamwa, na jioni ningeweza kurudi kwenye suruali yangu. Yeye hana pa kurudi.

Tena mimi nilipigiwa mbinja tu. Novemba 2014, katika kituo cha matatu jijini Nairobi, kundi la wanaume lilimvua mwanamke nguo hadharani likidai amevaa vibaya. Tarehe 17 ya mwezi huo wanawake, pamoja na wanaume waliowaunga mkono, waliandamana jijini wakisema kwamba nguo ya mtu ni hiari yake. Wakati ule nilisoma habari hiyo kama habari. Pale Makutano niliihisi magotini.

Sikuvuka barabara. Nilipita mbele ya wale vijana kwa mwendo wangu wa kila siku, nikawasabahi. Wawili waliitikia, wengine wakanyamaza.

Ukitaka kujaribu

Kama nawe una kikoi kilicholala sandukuni, haya ndiyo niliyoyaona. Vaa kaptula ndani, roho itatulia. Usifunge fundo, kizungushe kiunoni kikaze, kisha ukunje ukingo wa juu kwa nje mara mbili au tatu. Kivalie shati lililopigwa pasi na viatu safi vya ngozi, ili ionekane wazi kwamba umekusudia. Beba mfuko mdogo wa simu na pesa. Ukiketi, bana magoti. Na usieleze chochote mpaka uulizwe, maana anayejieleza sana ndiye anayechekwa.

Ofisini sikutumi. Novemba 2023 Spika wa Bunge la Kitaifa, Moses Wetang'ula, alikataza hata suti ya Kaunda ukumbini, sembuse kikoi. Lakini hakuna spika sokoni. Mnamo 2004 tulizinduliwa vazi la taifa kwa shangwe, likafifia kwa kukosa wavaaji. Nguo haizoeleki kwa hotuba. Huzoeleka kwa mtu mmoja kuivaa akaenda kununua ndizi, na kesho akaivaa tena.

Nawe kijana unayesoma ukurasa huu ukielekea kituoni, nina ombi dogo. Ukimwona mtu, awe mwanamume au mwanamke, amevaa usichokizoea, msabahi, halafu panda gari lako uende.