Rangi ya Gari la Babu

Mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili hapa Kigali. Wakati wa mapumziko napenda kupaka rangi magari madogo ya mfano, na ninachotafuta ni rangi ileile ambayo gari lenyewe lilitoka nayo kiwandani miaka mingi iliyopita. Wengi huona huu ni mchezo wa watoto. Lakini kuna gari moja ambalo kwangu si mchezo.

Babu alikuwa na Volkswagen ya miaka ya 1960, ile ambayo Watanzania huiita mgongo wa chura. Mwaka 1994 tulimpoteza babu, na gari likapotea pia. Picha iliyobaki ni moja tu, nyeusi na nyeupe.

Ukiwa na gari lenyewe, kujua rangi yake si kazi kubwa. Volkswagen za wakati ule zilibandikwa kikaratasi chenye namba ya rangi sehemu ya mbele, karibu na tairi la akiba, kwa sababu injini iko nyuma. Namba huanza na herufi L: L87 ni nyeupe ya lulu, L456 ni nyekundu ya yakuti. Kikaratasi kikiwa kimechanika, fundi hasomi rangi kwenye boneti wala mlango, maana jua limeshaichosha. Fundi mmoja wa Gatsata, kwenye gereji nyingi, alinifundisha kuchungulia nyuma ya dashibodi na chini ya mipira ya vioo. Huko jua halifiki, na rangi hubaki kama ilivyokuwa.

Mimi sina dashibodi wala mpira wa kioo. Nina maneno ya watu. Mama, ambaye wakati ule alikuwa mtoto, anasema gari lilikuwa la buluu. Shangazi anasema lilikuwa la kijani. Wakabishana hadi bibi akacheka. "Lilikuwa rangi ya jani la mkaratusi," akasema. "Tena jani changa."

Bibi anaishi Biryogo, upande wa Nyamirambo, ambako Kiswahili kilizungumzwa muda mrefu kabla ya kufanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017. Jibu lake lilinikumbusha somo la rangi darasani. Ukiacha nyeupe, nyeusi na nyekundu, rangi nyingi za Kiswahili hutajwa kwa kufananishwa na vitu: kijani ni jani, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda. Kinyarwanda nacho hutumia neno icyatsi kwa nyasi na kwa kijani. Nikaenda kutazama jani changa la mkaratusi. Ni la kijani, lakini lina unga mwembamba juu yake unaolifanya lionekane la buluu na kijivu. Kumbe mama na shangazi wote walisema kweli.

Kulikuwa na tatizo moja. Bibi ana mtoto wa jicho. Ugonjwa huu hutia lenzi ya jicho ukungu wa manjano, na buluu hufifia. Ningemwonyesha rangi peke yake, angetafuta kwa macho ya leo kitu alichokiona kwa macho ya zamani. Kwa hiyo nilimpelekea tawi la mkaratusi.

Nilikata vipande saba vya bati, vidogo kama kidole. Vyote nilivipaka kwanza rangi ya msingi ya kijivu, kisha kila kimoja mchanganyiko wake. Tulikaa barazani asubuhi, kwa sababu mwanga wa taa hubadilisha rangi. Bibi aliweka jani kando ya kila kipande. Jani na bati vilipita katika ukungu uleule wa macho yake, kwa hiyo aliweza kuvilinganisha. Alichukua cha tano, akakishika muda mrefu bila kusema neno.

Gari la mita 4 likifanywa kwa kipimo cha 1:43 hubaki na urefu wa sentimita 9 na kidogo. Rangi ya gari kubwa ikipakwa kwenye kitu kidogo hivyo huonekana nzito, na wapenzi wengi wa kazi hii huongeza nyeupe kidogo. Mimi sikuongeza. Bibi alikuwa amechagua kwenye kipande kidogo, na chaguo lake lilinitosha.

Sasa gari liko juu ya kabati lake. Mwezi ujao atafanyiwa upasuaji wa jicho. Rangi mbili zinazofanana nyuma ya ukungu wa manjano zinaweza kutofautiana ukungu ukiondoka, nami nimemweleza hivyo. Bibi amejibu kwamba siku akifunguliwa bandeji nimletee jani jingine, alitazame kando ya gari. Likikataa kufanana, nitalipiga msasa na kuanza upya. Rangi nimeihifadhi, na kopo bado lina nusu.