Lokua Kanza, mtoto wa Bukavu: kuhama hakumalizi sauti ya mtu

Lokua Kanza alizaliwa hapa kwetu Bukavu, mwezi wa nne mwaka wa 1958. Ninalisema jambo hilo kila ninapopiga wimbo wake katika kipindi chetu cha Jumamosi jioni, na kila mara inaingia meseji ya mtu anayeshangaa: "Kweli? Huyo ni wa hapa?" Wengi wanamjua kama Mkongomani wa Paris. Vijana wanamjua kama mmoja wa makocha wa The Voice Afrique francophone, yale mashindano ya kuimba yaliyoanza kuonekana kwenye televisheni mwaka wa 2016. Kwamba alilia kwa mara ya kwanza huku kwetu, kando ya ziwa Kivu, hilo wachache wanalijua.

Siandiki habari yake leo kwa kujivunia tu. Ninaandika kwa ajili yenu ninyi mliohama makwenu: ninyi wa Minova na sehemu nyingine za Kalehe mliopokelewa na jamaa huku mjini, nanyi watu wa Bukavu mlioteremka Uvira au mkavuka hadi Burundi. Katika meseji zenu mnauliza sana kama maisha yaliyokatwa katikati yanaweza kuungwa tena. Mimi si mhubiri wala si mtu wa serikali, sina ahadi ya kuwapa. Lakini kazi ya mwanamuziki huyu ninaifuata tangu nikiwa kwenye masomo ya sekondari, na ndani yake kuna jambo moja ninaloliamini: kuhama hakumalizi sauti ya mtu. Kunaweza kuichelewesha, tena sana, lakini hakuimalizi.

Tuanze na jamaa yake. Baba yake alikuwa Mmongo, mama yake Mtutsi kutoka Rwanda. Yeye ni mtoto wa kwanza kati ya watoto wanane. Ninajua kwamba siku hizi, mtu akisikia maneno hayo, kitu cha kwanza anachouliza ni: sasa huyu ni wa wapi? Kwenye vizuizi vya barabarani watu wanaulizwa swali hilo kwa sauti kali, na jibu linaweza kumponza mtu. Wazee wetu walikuwa na jibu fupi: mtu ni wa pale kilipozikwa kitovu chake. Kwa jibu hilo, Lokua Kanza ni wa Bukavu, na damu ya baba na ya mama zote mbili zimo ndani ya sauti yake. Sioni sababu ya kuzitenganisha.

Mwaka wa 1964, akiwa na miaka sita, wazazi walihamia Kinshasa, iliyokuwa bado inaitwa Léopoldville. Baba alikuwa kamanda wa meli, na mwanzoni waliishi vizuri, katika mtaa wa watu wenye uwezo. Kisha baba akafariki. Mama akalazimika kuhamia mtaa wa watu maskini pamoja na watoto wake, na yule wa kwanza akaanza kutafuta kazi ili wadogo zake wale. Jamaa nyingi zinazonisikiliza zinajua hali hiyo bila kuelezwa. Mtoto wa kwanza anapogeuka baba kabla ya wakati wake, mara nyingi kitu anachokiacha kwanza ni shule, na cha pili ni kile alichokuwa anakipenda. Huyu alishikilia alichokipenda. Aliimba kanisani, akaimba katika vikundi vya rumba, akasomea muziki kwenye Konservatwari ya Kinshasa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 aliingia katika okestra ya Abeti Masikini, mwimbaji mkubwa wa wakati ule, akiwa mpiga gitaa. Mwaka wa 1984 akaenda Paris. Hapo ndipo wengi wanapofikiri kwamba mambo yake yalinyooka: amefika Ulaya, basi. Lakini hesabu inasema tofauti. Albamu yake ya kwanza, iliyobeba jina lake mwenyewe, ilitoka mwaka wa 1993. Kutoka 1984 mpaka 1993 ni miaka tisa. Katika miaka hiyo alisoma tena, kwenye shule ya jazz inayoitwa CIM, na alishika gitaa nyuma ya wakubwa kama Ray Lema na Manu Dibango. Albamu ile ilipotoka alikuwa na miaka 35.

Hiyo namba 35 ninairudia mara nyingi kwenye redio, na nina sababu. Tangu vita vilipofika mjini mwezi wa pili wa mwaka 2025, benki zikafunga milango, uwanja wa ndege wa Kavumu ukanyamaza, na vijana wengi wakaanza kuongea kama wazee. Kijana mwenye miaka 22 anakuambia: "Miye nilishachelewa." Amechelewa nini? Kwa hesabu ya Lokua Kanza, bado ana miaka 13 ya kujifunza kabla ya albamu ya kwanza.

Sasa tuangalie ni muziki wa namna gani alioutoa, maana hapo ndipo alipochukua njia yake peke yake. Sisi Wakongomani tuna mashine yetu ya muziki, tena yenye nguvu. Kuna okestra kubwa, kuna sebene, kuna atalaku anayepiga kelele kuchangamsha watu, na kuna mabanga. Kwa wasiojua, mabanga ni yale majina ya watu yanayotajwa ndani ya wimbo: mfanyabiashara, mwanasiasa, mtu wa Ulaya mwenye mfuko mzito. Anayetajwa analipa, au anatarajiwa kulipa. Ndiyo njia mojawapo ya msanii kupata mkate, na simlaumu anayeishi nayo. Sebene ikianza, hata mimi sikai kwenye kiti.

Lokua Kanza hakuingia katika mashine hiyo. Alichukua gitaa lisilo la umeme, akaweka sauti yake juu, kisha sauti nyingine za watu chini yake kama kwaya ya kanisa, na kati ya maneno akaacha nafasi. Anatunga mwenyewe na anaimba mwenyewe. Nyimbo zake hupigwa kama mtu anayeongea na mwenzake usiku, watoto wakiwa wamelala. Njia hiyo haikuwa na wateja waliojipanga mlangoni: si rumba ya Kinshasa, si jazz ya Wafaransa, na haikuwa rahisi kucheza kwenye arusi. Lakini alishika njia hiyo hiyo. Wapi Yo ikatoka mwaka wa 1995, albamu iliyoitwa 3 ikafuata mwaka wa 1998, Toyebi Te mwaka wa 2002, Plus vivant mwaka wa 2005, Nkolo mwaka wa 2010, na Moko mwaka wa 2021. Mwaka wa 2004 aliungana na Richard Bona wa Kameruni na Gérald Toto, Mfaransa mwenye asili ya Antilles, wakatoa albamu yenye majina yao matatu, Toto Bona Lokua. Baadaye wakakutana tena na kutoa nyingine, Bondeko, maana yake udugu.

Ukihesabu, kati ya albamu yake ya kwanza na Moko kuna miaka 28. Kwa muda huo wote hakubadilisha sauti yake ili ifanane na wimbo uliokuwa unavuma mwaka ule. Watu walimjia polepole, mmoja mmoja, na waliomjia wengi walibaki. Kwa fundi wa aina yoyote, awe mshonaji wa Kadutu au seremala wa Bagira, hilo si jambo geni. Mteja anayekuja kwa sababu ya bei ya leo, kesho ataenda kwa jirani. Anayekuja kwa sababu ya mkono wako atakutafuta hata ukihama mtaa.

Kuna pia habari ya lugha. Ameimba zaidi kwa Kilingala, akaimba kwa Kifaransa, na Kiswahili hakukiacha nje. Kwenye ile albamu ya kwanza kuna wimbo unaoitwa Mutoto. Angalia jinsi jina lilivyoandikwa: si mtoto ya vitabu vya Dar es Salaam, ni mutoto kama tunavyosema sisi hapa Nyawera na Panzi. Na ile Wapi Yo, mtu wa Kinshasa na mtu wa Bukavu wote wanaelewa neno la kwanza bila mkalimani. Ninawaambia wazazi walio Bujumbura, ambao watoto wao wameanza kuongea Kirundi na wenyeji: msiogope. Lugha ya ugenini haifukuzi ya nyumbani. Inakaa kando yake, na siku moja mtoto atazihitaji zote mbili.

Lazima niseme pia upande mwingine, nisije nikauza matumaini ya bei rahisi. Mwanamuziki huyu alifanikiwa akiwa mbali. Mji wetu ulimzaa, lakini haukumfundisha kazi wala haukumlipa. Na kwa kila mmoja aliyefika Paris akasikika, kuna wengine wengi waliofika wakaosha vyombo mpaka vidole vikasahau nyuzi. Leo msanii wa Bukavu anarekodi kwenye chumba kilichozibwa kwa magodoro, akingojea umeme urudi, na akimaliza hana pa kuimbia kwa sababu watu wanaogopa kutoka usiku. Mfano wa mtu mmoja haufuti shida hizo. Unachofanya ni kutuonyesha kipi kilichokuwa mikononi mwake na kipi hakikuwa. Kifo cha baba hakikuwa mikononi mwake, wala kuhama mtaa. Kujifunza tena akiwa mtu mzima, kukubali kusimama nyuma ya wengine kwa miaka tisa, na kukataa kuimba asichokiamini, hayo yalikuwa mikononi mwake.

Mama mmoja aliyekimbia kutoka Kalehe, anayeishi kwa binti yake huku Panzi, aliwahi kunipigia simu wakati kipindi kikiendelea. Alikuwa na hasira. "Mwanangu, munapiga muziki namna gani na batu banalia?" Sikubishana naye, maana aliongea kweli: dakika kumi kabla nilikuwa nimesoma habari za waliokufa. Nilimweleza tu kwamba wimbo uliokuwa unapigwa unaitwa Nakozonga, na kwamba kwa Kilingala maana yake ni nitarudi. Akauliza: "Na huyo mwenye kuimba, alirudi?" Nikamjibu: "Mama, wimbo hausemi amerudi. Unasema atarudi." Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Basi ni kama siye," akakata simu.

Tangu siku hiyo ninachagua muziki kwa namna nyingine. Baada ya habari nzito siweki sebene. Sinyamazishi redio pia, kwa sababu ukimya ndani ya chumba chenye watu kumi na wawili waliolala chini unaweza kuwa mzito kuliko habari zenyewe. Ninaweka wimbo wa sauti ndogo, unaomruhusu mtu kulia akitaka, au kuendelea kuchambua maharage yake akitaka. Ndiyo kazi ambayo nyimbo za Lokua Kanza zinafanya vizuri kuliko nyingine nyingi nilizo nazo, na ni kazi ya kweli. Haileti unga, haifungui barabara, lakini inamkumbusha mtu kwamba yeye si namba kwenye orodha ya wakimbizi wa ndani.

Juzi kijana mmoja aliyefika mjini bila begi, na gitaa mgongoni, alinijia nje ya studio. "Yaya," akaniambia, "kila mutu ananiambia niiuzishe. Nifanye nini?" Jamaa iliyompokea inapika mara moja kwa siku, na gitaa lile lingenunua unga wa siku chache. Kumwambia mtu mwenye njaa ashike gitaa ni rahisi kwa aliyekula. Kwa hiyo sikumjibu hapo hapo. Tulikaa, tukahesabu: siku ngapi za unga, kisha nini? Tukakubaliana atafute kwanza kibarua cha kubeba mizigo sokoni asubuhi, na jioni afundishe watoto wa kwaya ya parokia anakosali, hata kama malipo ni sahani ya chakula. Gitaa likiuzwa, sahani hiyo nayo inaondoka. Anaendelea hivyo mpaka sasa. Kama atakuwa mwanamuziki mkubwa sijui, wala si lazima awe.

Kwa wazazi, na kwa jamaa zilizowapokea wageni, nina ombi moja. Mtoto akipiga meza kwa vidole, au akiimba peke yake wakati anachota maji, usimwambie kwamba huu si wakati wake. Hakuna anayejua wakati wake ni upi. Mpe kazi za nyumba kama wengine, mtume sokoni kama wengine, lakini nusu saa ya kuimba mwachie.

Jumamosi hii jioni, baada ya habari, tutapiga Mutoto, halafu Wapi Yo. Mlio Uvira na Bujumbura, kama masafa hayafiki, mwombeni aliye mjini awarekodie kwenye simu. Wekeni betri tayari, tusikilizane.