Majina ya Pembeni mwa Daftari

Wasomaji wengi wamekwisha kusikia habari za vita vya Sudan Kusini, vilivyoanza Juba mwezi wa Desemba 2013, hata miaka mitatu ya uhuru wa nchi ile haijatimia. Mimi nataka kueleza jambo moja dogo nililoliona mwenyewe mwaka 2017, nilipochukua likizo yangu ya ukarani nikajitolea kwenda kusaidia kugawa chakula.

Nilipelekwa Nyal, kando ya vinamasi vikubwa vya Mto Naili. Februari mwaka ule ilikuwa imetangazwa njaa kuu katika wilaya za Leer na Mayendit, na watu waliokimbia huko walifika kwa mitumbwi, wengine wakiwa wameishi kwa kula mayungiyungi. Ndege ziliangusha magunia ya mtama kutoka juu, nasi tukayakusanya na kuyahesabu.

Kazi yangu ilikuwa daftari. Amri ilikuwa wazi: waandikwe wanaoonekana kwa macho, maana chakula hakitoshi. Akaja bibi mmoja na wajukuu watatu, akasema wao ni watano. Nikahesabu wanne. Mkalimani, kijana aliyejifunza Kiswahili katika kambi ya Kakuma huku kwetu, akanieleza ya kuwa wa tano alipotea usiku walipokimbia.

Nikasema, “Mama, siwezi kumwandikia posho asiyekuwapo.”

Akajibu polepole, “Mwanangu, posho yake siitaki. Andika jina lake tu. Akija, aone ya kuwa tulikuwa tukimngoja.”

Daftari halikuwa na nafasi ya jina la namna hiyo. Nikaliandika pembeni, kwa penseli. Waliokuwa nyuma yake waliona, na kila aliyefuata akawa na jina lake la pembeni: mume, binti, ndugu. Jua lilipokuchwa kurasa zilikuwa zimejaa pande zote. Mkubwa wetu alipoliona daftari alikasirika kwa kuwa limechafuliwa. Kisha akasoma, akalifunga, akanirudishia asiseme neno.

Mkataba wa amani ulitiwa sahihi Septemba 2018. Habari za yule mtoto sikuzipata hata leo.

Makarani wenzangu, zamani mtu akirudi ofisini kwa ajili ya herufi moja iliyokosewa katika jina lake, nilimwona msumbufu. Sasa humpa kiti, nikachukua kalamu, nikamwomba anitajie jina lake tena.